Hodi hubishwa mlangoni, haibishwi kitandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni tabia ya abiria wa ndege kuhamia viti visivyo vyao, hasa vile ambavyo wenzao wamevilipia fedha ya ziada. Mimi ni karani mstaafu wa shehena, niliyefanya kazi miaka mingi katika bandari ya Mwanza Kusini, na tangu goti langu la kulia lilipofanyiwa upasuaji nimekuwa nikienda kliniki Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu kwa tiketi anayoninunulia binti yangu. Sijidai kuwa msafiri mkubwa, lakini nimesafiri vya kutosha kuona jambo moja likijirudia mpaka likanichosha.

Katika safari yangu ya mwisho niliruka kutoka Mwanza alasiri. Kwa kuwa goti halikunjiki sawasawa, binti yangu hunichagulia kiti 4C, ambacho kiko mbele, kando ya njia, na njia yenyewe iko mkono wa kulia, kwa hiyo mguu mbovu hupata pa kunyooka. Kwa kiti hicho alilipa shilingi 20,000 juu ya nauli. Niliingia miongoni mwa watu wa mwisho, maana ngazi za ndege siku hizi nazipanda kwa kuzibembeleza, nikamkuta bwana wa makamo ya miaka arobaini hivi amekwisha kukaa. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, viatu amevivua, soksi ni za rangi ya damu ya mzee, mkanda ameufunga, na mkononi ana kifuko cha karanga za kukaanga.

“Shikamoo mzee,” alinisalimu, kwa adabu kabisa.

Nikaitikia marahaba, nikangoja. Marahaba iliisha, naye hakusogea. Nikamwonyesha pasi yangu ya kupandia ndege iliyoandikwa 4C. Akaitazama, akatabasamu, akasema, “Mzee wangu, leo siti ni nyingi, wewe kaa tu popote utakapopenda.”

Nyuma yangu alikuwapo mama mwenye mtoto mgongoni na boksi dogo la dagaa lililozungushiwa selotepu, na nyuma yake watu wengine waliokuwa wakingoja nipite. Mhudumu alipofika, binti mdogo mwenye uso wa kuchoka, aliona foleni, akaona yule bwana amekwisha kutulia, kisha akaniuliza mimi niliyesimama kama ningeona tabu kwenda kukaa safu ya 17. Nikamjibu, “Mwanangu, goti hili.” Hapo ndipo alipomgeukia bwana yule, naye akainuka huku akishusha pumzi ndefu na kusema kwa sauti ya kusikika, “Wazee wetu nao jamani, siti tu hii.” Mtu mmoja akacheka. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto lake na maganda membamba mekundu ya karanga, na tangu Mwanza hadi Dar es Salaam nilishindwa kusoma hata ukurasa mmoja wa gazeti hili, kwa sababu nilikuwa nimegeuzwa mtu mwenye roho mbaya.

Hilo, Ndugu Mhariri, ndilo linaloniuma kuliko kiti chenyewe. Anayehamia kiti cha mwenzake bila kuuliza hachukui nafasi peke yake. Humwachia mwenye nafasi kazi ya kumwondoa. Mpaka mwenye kiti anapofika, mambo yamekwisha kupangwa kiasi kwamba kila neno atakalosema litasikika kuwa uchoyo, na mvamizi ndiye anayeonekana kuwa mpole aliyesumbuliwa. Sisi tuna desturi ya hodi, na watoto hufundishwa kabla hawajaanza shule kwamba mtu husimama nje, hubisha, hungoja karibu, na akikosa kuitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Sijapata kuona desturi ambayo mtu huingia mpaka chumbani, akajilaza, kisha mwenye nyumba anaporejea akamwambia hodi kutoka kitandani. Shikamoo ya bwana yule ilikuwa hodi ya namna hiyo. Ilikuwa salamu nzuri, lakini aliitumia kama nauli.

Natambua hoja ambayo wasomaji wengi wataileta, kwamba kiti kikiwa kitupu hakuna anayepoteza kitu, kwa kuwa ndege itaruka nacho hivyo hivyo. Hoja hiyo haina nguvu kwa kiti kama changu ambacho mwenyewe alikuwa ngazini anapanda, lakini hebu tuichukue pale ambapo ina nguvu kidogo, yaani mlango umefungwa na kiti cha kulipiwa cha mbele hakikupata mnunuzi. Jioni pale soko la samaki la mwaloni Kirumba utamkuta mama amebakiwa na fungu la dagaa ambalo halitauzika tena siku ile. Ukimwomba, mara nyingi atakupa, na pengine atakuongezea. Ukijichotea huku ukimwambia kuwa zingeharibika hata hivyo, mtagombana, na soko zima litakuwa upande wake. Dagaa ni zile zile, na hasara yake ni ile ile. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza uliutambua mkono wake na mara ya pili uliuruka. Tena yuko mtu wa tatu ambaye husahauliwa, naye ni abiria wa kiti cha jirani aliyetoa shilingi zake 20,000 siku tatu kabla, ambaye sasa anakaa bega kwa bega na mtu aliyekuja bure na kujisifia ujanja.

Hata hivyo, lazima niwatendee haki wanaohamahama. Ada ya kuchagua kiti ni jambo geni kwetu, na hata huko lilikoanzia si la zamani sana. Watu wa umri wangu walizoea kwamba tiketi ni tiketi. Fastjet ilipoanza safari zake nchini mwezi Novemba 2012 kwa nauli za chini, wengi wetu ndipo tulipojifunza kwamba nauli inaweza kuwa kitu kimoja na begi la kupakia likawa bei nyingine. Huko Marekani shirika la Southwest lilianza kuruka mwaka 1971 bila kumpangia abiria kiti, anayeingia kwanza akichagua apendapo, nalo likadumu hivyo kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kutangaza mwaka 2024 kwamba litauacha utaratibu huo. Kwa hiyo mtu anayekasirika kuuziwa nafasi ya kunyoosha mguu, kana kwamba mguu wenyewe haukuhesabiwa katika nauli, ana sababu ya kukasirika. Ninachokataa ni yeye kuichukua hasira hiyo kwa mashirika na kuja kuilipizia kwangu.

Tena kuna jambo la ndani zaidi, ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Adabu yetu ya kukaa ilizaliwa kwenye benchi. Katika kivuko cha Kigongo na Busisi, kabla ya daraja lile refu la ziwani kufunguliwa mwaka 2025, tulikaa watano kwenye benchi la watu watatu, na mtu aliyefika wa sita alisema tu “jamani, sogeeni”, nasi tukasogea, na asiyesogea alionekana hana utu. Nimekulia wakati wa ujamaa na adabu hiyo naipenda mpaka leo. Lakini kusogea ni kumpa mwenzako sehemu huku wewe ukibaki na sehemu. Kiti cha ndege hakisogezeki. Ukimwambia mtu “kaa tu popote”, humwombi asogee, unamwomba aondoke, na neno la benchi halitoshi kwa ombi hilo. Nadhani wengi wanaofanya hivi hawana nia mbaya. Wamebeba ukarimu wa benchi wakauingiza mahali ambapo umegeuka kuwa unyang’anyi bila wao kutambua.

Naomba sasa niseme kidogo kama karani wa shehena, kwa sababu suala hili lina upande ambao haumo katika adabu. Watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa habari za uwiano wa chombo. Meli ya MV Bukoba ilituzamia tarehe 21 Mei 1996, na tarehe 20 Septemba 2018 kikazama kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, na katika misiba yote miwili neno uzito lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Ndege nayo ni chombo. Wanaovuka kati ya Dar es Salaam na Zanzibar kwa zile ndege ndogo za Cessna Caravan wanajua kwamba rubani anaweza kumwambia mtu mnene akae mbele na mwembamba akae nyuma, na hakuna anayebisha, kwa maana katika ndege ya watu kumi na wawili kila mwili ni shehena. Katika ndege kubwa abiria mmoja akihama safu mbili hakuna kitakachotokea, na sitaki kumtisha mtu kwa uongo. Lakini hesabu ya uzito hufanywa kwa kufuata sehemu ambazo abiria wamekaa, na ndege ikiwa nusu tupu, watu kumi na watano wakihamia mbele kwa pamoja, wafanyakazi wa ndege wanapaswa kulijua hilo kabla ya kuruka.

Wasomaji watakumbuka ile ndege ndogo aina ya Let 410 iliyoanguka Bandundu, nchini Kongo, tarehe 25 Agosti 2010, ikaua watu 20 na kumwacha hai mmoja tu. Manusura huyo alisimulia kwamba mamba aliyefichwa ndani ya begi alitoka, abiria wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza uwiano wake. Mamba ni kisa cha peke yake na sitarajii kumkuta katika safari ya Mwanza. Kukimbilia mbele ndiko nilikotaka kukutaja.

Vipo pia viti vya kando ya milango ya dharura, ambavyo huvutia kwa sababu ya nafasi ya miguu. Nafasi ile haikuwekwa kwa ajili ya miguu. Iliachwa ili watu wapite kuokoa maisha. Anayekaa pale hupewa maelezo na mhudumu kabla ya kuruka, huulizwa kama yuko tayari kusaidia kufungua mlango, na ndiyo maana mimi mwenye goti hili sikai pale hata nikipewa bure. Mtu anayejihamishia hapo baada ya maelezo kwisha amechukua kiti na ameacha kazi yake. Ajali ya ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ambamo watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walipoteza maisha, ilitufundisha sote tunaozunguka ziwa hili kwamba mahali alipokaa mtu na umbali wake na mlango si mambo ya starehe peke yake.

Nikirudi kwenye adabu, sitaki nieleweke kwamba kila anayeomba kubadilishana kiti ni mkosaji. Mama anayetengwa na mtoto wake wa miaka mitano kwa sababu hakulipa ada ya kuchagua amefanyiwa jambo baya na shirika, si na abiria mwenzake, na hata Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilipendekeza mwaka 2024 kanuni ya kuyazuia mashirika yasiwatoze wazazi fedha ili wakae na watoto wao wadogo. Mama kama huyo akinijia nikiwa bado nimesimama, akaniambia shida yake na kunitajia kiti anachonipa, nitampa changu mara moja ikiwa cha kwake nacho kiko njiani, na kama hakiko njiani nitamweleza habari za goti, naye ataelewa. Kubadilishana ni kupeana vinavyokaribiana. Anayekuja na kiti cha katikati cha safu ya 22, karibu na choo, akataka 4C, hajaja kubadilishana. Amekuja kuomba sadaka, na sadaka huombwa kwa unyenyekevu wake, na mwombwaji ana haki ya kusema “samehe”. Pia tusifanye kama walivyofanya kule Brazil mwezi Desemba 2024, ambako mwanamke aliyekataa kumwachia mtoto kiti chake cha dirishani alirekodiwa kwa simu na abiria mwingine, na picha zake zikazunguka dunia nzima kana kwamba amemtupa mtoto nje ya ndege. Kiti kilikuwa chake. Angeweza kukitoa, na uzuri wa kukitoa ungetokana na kwamba angeweza pia kutokitoa.

Kwa hiyo ningependa kuyaomba mashirika yetu ya ndege, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga yenye wajibu wa kuyasimamia, jambo moja lisilo na gharama. Katika safari nilizopanda, matangazo husomwa kwa Kiingereza cha kukimbia na kisha Kiswahili cha kukimbia zaidi, na katika yote hayo sijasikia hata mara moja sentensi inayosema kwa Kiswahili kilichotulia kwamba kila abiria akae kwenye kiti kilichoandikwa katika pasi yake, na kwamba anayetaka kuhama angoje mlango ufungwe kisha amuulize mhudumu. Sentensi hiyo ikisemwa wakati watu wangali ngazini, mhudumu yule mwenye uso wa kuchoka hatalazimika kuchagua kati ya mzee aliyesimama na bwana aliyekaa, wala hatashawishika kumhamisha yule aliye rahisi kuhamishwa. Simlaumu. Nilifanya kazi ya foleni maisha yangu yote, na ninajua kwamba foleni inapokaba mtu humwomba mwenye heshima apishe, kwa kuwa asiye na heshima hapishi. Vilevile, shirika linapomhamisha mtu kutoka kiti alichokilipia kwa sababu zake lenyewe, limrudishie ada yake bila yeye kuandika barua tatu. Hilo nalo lingepunguza hasira nyingi.

Kuuliza kwenyewe hakuna ugumu. Katika safari iliyotangulia hii, kijana mmoja wa chuo alikuwa amebanwa katikati ya watu wawili wenye mabega mapana, akangoja mpaka taa ya mikanda ilipozimwa, akamwita mhudumu na kumwuliza kwa sauti ya chini kama kuna nafasi nyuma anayoweza kuhamia. Akaambiwa ipo, akachukua begi lake, akawaaga majirani zake wote wawili kwa “samahani” na “asanteni”, akaenda. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika sentensi hii. Hakuna aliyemgeukia, na mabega yale mapana yakashukuru kwa kupata hewa.

Nimalizie na habari za bwana wa soksi, maana huenda msomaji angependa kujua alikoishia. Tulipokuwa juu ya mawingu niliinuka kwenda msalani, jambo ambalo kwa goti hili hufanywa polepole, na nikiwa njiani nikapita karibu na safu ya 19, ambako ndiko kilikokuwa kiti chake halali. Safu nzima haikuwa na mtu mwingine. Alikuwa ameinua vishikio vya mikono, amejilaza kwenye viti vyote vitatu, na kifuko cha karanga kikipanda na kushuka juu ya tumbo. Alifumbua jicho moja akaniona.

“Mzee, goti linaendeleaje?” aliuliza.

Nikamwambia linaendelea. Kliniki nyingine ni mwezi ujao, na binti yangu amekwisha kuilipia 4C.

Wako mtiifu,
Karani mstaafu wa shehena,
Nyamagana, Mwanza